Saruji Ndani ya Amplifaya

Wadogo zangu wa dukani,

Wiki hii ya kuagana mmeniuliza mengi, lakini swali lililorudi kuliko yote ni la lile bonge la saruji linalozuia mlango wa stoo usijifunge kwa upepo wa ziwani. Mlilikuta hapo. Mmelipiga teke, mmelikalia, na mmoja wenu, simtaji, hulitumia kusugulia visigino. Sasa mimi naondoka, nalo linabaki, kwa hiyo ni haki mjue lilikotoka. Lilitoka ndani ya amplifaya. Na aliyeinunua amplifaya hiyo mchana kweupe, macho yote mawili yakiwa wazi, ni mimi.

Nyinyi mnauza televisheni za HD, nyembamba kama chapati. Mteja anaona hadi chunusi ya msoma habari, kisha baada ya wiki anarudi kulalamika kwamba sauti inatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya sufuria. Lazima iwe hivyo. Chapati haina kifua. Ndipo mnampeleka kwenye rafu ya amplifaya na spika, naye anauliza lilelile walilouliza wateja wetu miaka ya mwisho ya tisini, enzi televisheni ilikuwa na tumbo na kubebwa na wanaume wawili: "Ina wati ngapi?" Ukimjibu swali hilo kama alivyoliuliza, umeshamdanganya, hata kama hukukusudia.

Nilifika Gisenyi nikitokea Karagwe, nilikozaliwa, nikiwa msichana mwenye Kiswahili cha shule, mdomo wa kushusha bei, na tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Tabia hiyo ni ya mama yangu, aliyekuwa akituhesabu wanawe kabla ya kugawa chakula, kisha akaturudia, kana kwamba kuna aliyeongezeka katikati. Hapa mjini watu walisikia ninavyosema wakaniita Mutanzania, na jina likashika.

Aliyenipa kazi ni Papa Rama, mwenye duka hili lilipokuwa bado chumba kimoja kule Mbugangari. Alikuwa Mwislamu mwenye mke Mkatoliki na ndugu nusu ya Goma, kwa hiyo alisherehekea Idi na Noeli zote, na alinenepa ipasavyo. Siku yangu ya kwanza aliweka amplifaya mbili juu ya meza, akaniambia nichague iliyo nzuri. Moja ilikuwa nyeusi, imenuna. Nyingine ilikuwa na taa za kijani zinazopanda na kushuka, na kwenye boksi lake imeandikwa wati elfu mbili. Nikaonyesha ya taa. Nani asingeonyesha?

"Iko na mataa mingi, eh?" Papa Rama alisema. "Mi nakuuliza: ni ya kuangalia ao ya kusikia?"

"Ya kusikia, Papa."

"Bon. Geuza. Soma ku mugongo."

Nikaigeuza. Mgongoni, kwa herufi za sisimizi, kiwanda chenyewe kilikuwa kimeandika kwamba mashine hii inakula umeme wa wati sitini. Nikasoma tena, maana ndivyo nilivyo. Sitini.

"Sasa, we mutu wa kuhesabu," akasema, "ng'ombe anakula majani ya mukono moja, atakupa ndoo makumi mbili ya maziwa?"

Mbele ya boksi ni hotuba, mgongo ni ukweli. Hilo ndilo somo la kwanza. La pili lilikuwa kubeba. Ndani ya amplifaya ya kweli mna transfoma, donge la chuma na waya wa shaba, na hakuna fundi aliyewahi kutengeneza transfoma ya karatasi. Yenye nguvu ni nzito. Tuliazima mizani ya viazi kwa jirani, tukipima amplifaya katikati ya magunia ya Kanama, na wauza viazi walituona tumerogwa. La tatu lilikuwa bisibisi: ukishapima, fungua utazame. Papa Rama aliyasema yote matatu kwa pumzi moja, "soma, beba, fungua," na mimi niliyashika mawili vizuri sana.

Basi akaja Madame Vestine. Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyerudi kutoka Uganda, amejenga nyumba upande wa ziwa, sebule yake pana kama kanisa dogo. Aliingia siku ya Jumatano, hakusalimia bei ya kitu chochote, akasema moja kwa moja:

"Nataka sinema ya nyumbani. Spika tano. Kubwa. Zenye taa."

"Utaangalia filamu gani, Madame?" nikamuuliza. Papa Rama alinifundisha kuuliza hivyo kabla ya kuuliza mfuko.

Akatoa kanda ya video kwenye mkoba. "Harusi ya binti yangu Peninah. Ilikuwa Kampala mwezi uliopita. Mama yangu hakuweza kufika, barabara ilikatika kwa mvua. Na Peninah amelelewa na yeye, mimi nikizunguka na biashara." Akaishusha sauti, ingawa hatukuwa na mtu mwingine dukani. "Mama hasikii vizuri. Nimemwonyesha kanda hii kwa televisheni tupu, akaangalia gauni, akaangalia keki, akaniuliza, 'Mtoto anasema nini?' Nikamwelezea kwa kupiga kelele. Akasema, 'Sikutaka kukusikia wewe.' Jumapili familia yote inakuja. Nataka amsikie mwenyewe."

Papa Rama alikuwa akichokonoa plagi kule pembeni. Akaiweka chini.

"Madame," akasema, "kamera ya harusi iko na sikio moja tu. Haina kushoto na kulia. Ukiweka ile kanda ku amplifaya ya spika tano, sauti yote ya batu itaenda ku spika ya katikati, ile ndogo ya juu ya televisheni. Ile benye kuuzisha wanakupa bure. Donc kwa maman yako, ile ya bure ndiyo ya kununua."

"Na zile kubwa?"

"Zile zitangoja filamu ya mabomu."

Madame Vestine hakufurahi. Mtu aliyekuja kununua tembo hapendi kuambiwa anahitaji sungura. Lakini tulikubaliana: amplifaya yenye nguvu ya kweli, spika ya katikati ya maana, na zile nne nyingine zisimtie aibu mbele ya mashemeji. Dukani hatukuwa na kitu cha aina hiyo. Papa Rama alikuwa na goti bovu wiki ile, akanikabidhi kazi ya kwenda Goma kuchagua. Peke yangu, kwa mara ya kwanza. Sikulala kwa furaha, lakini hilo halikusaidia mtu.

Ijumaa asubuhi nilivuka mpaka wa Kongo pale Petite Barrière pamoja na kina mama wa nyanya na vitunguu, nikaenda kwa mwuzaji mmoja tuliyemwita Papa Dieudo, aliyekuwa na vyombo vipya na vya okazioni, yaani vilivyokwisha kutumiwa Ulaya vikachoka, vikaja kwetu kuanza maisha. Nikasoma migongo, nikabeba, nikaweka chini. Kwenye rafu ya juu nikakuta moja nyeusi, taa za kiasi, mgongo unasema wati mia tatu. Nikaibeba. Yesu na Maria! Ilinivuta mabega. Nikaomba mizani ya duka la jirani: kilo kumi na nne na ushee. Nikapima tena: vilevile. Moyo ukacheza ngoma, uso nikauacha umenuna, kama inavyotakiwa.

"Nifungulie nione ndani," nikamwambia.

"Madame, unaona ile karatasi kidogo ku vis, ile skrubu? Ukiitosha, garantie imeisha," Papa Dieudo akasema kwa masikitiko makubwa, kama mtu anayetangaza msiba. "Lakini ni we. Mi naweza fungua. Garantie ni yako."

Mimi na dhamana! Sijawahi kupewa kitu cha ziada nikakikataa. Nikaiacha karatasi ile mahali pake, tukashindana bei hadi akamwita Mungu mara tatu, nikalipa, nikachukua na spika tano, ya katikati ikiwa nyongeza. Ndiyo, ile ya bure. Uzito wa amplifaya ulikuwa umenilewesha.

Mbebaji wangu alikuwa Faustin, ambaye mpaka wote ulimwita Kilo, kwa kuwa bega lake lilijua uzito wa kitu kuliko mizani ya forodha. Wabebaji wa pale walitoza kwa uzito, naye hakukosea hata nusu kilo. Alipoitwika amplifaya alipiga hatua tano, akasimama.

"Mutanzania, hii kitu iko nzito mubaya."

"Bei tumeshakubaliana, Kilo."

"Siongee bei. Naongea uzito. Iko nzito sawa jiwe, haiko nzito sawa mashine. Mashine inakuwaka nzito upande moja. Hii iko nzito fasi yote."

"Ukifika kule tutaona kama bega lako limesomea umeme."

"Sawa, mama. Bega haina garantie," akasema, akaendelea kutembea.

Nawaandikia jambo hili nikiona aibu hadi leo. Mtu mwenye kipimo bora kuliko vyote pale mpakani alinipa ukweli bure, nami nikausikia kama mbinu ya kuongeza nauli. Ndio ugonjwa wetu sisi wapunguza bei: kila neno tunalisikia kama bei.

Tulipofika dukani Papa Rama aliibeba, uso ukang'aa. "Mwana, umechagua!" Nikavimba kama andazi. Tukaunganisha, tukaweka kanda aliyotuachia Madame Vestine. Sauti ikatoka kama ya mbu mwenye mafua. Tukaongeza. Mbu akakasirika. Tukaongeza tena, na ndani ya mashine kitu kikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayeomba kufunguliwa.

Papa Rama akachukua bisibisi. Karatasi ya dhamana ikachanika, mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, nikaona transfoma ya kiwandani imeng'olewa, pamewekwa nyingine ndogo kama kipande cha sabuni kilichobaki mwisho wa wiki, na kando yake, limezungushiwa gunia na kumiminwa kwa ustadi likajaza sanduku pembe hadi pembe, bonge la saruji.

Nilidhani nitafukuzwa. Papa Rama alilitazama bonge, akanitazama mimi, akakaa juu ya kasha la spika, akaanza kucheka. Alicheka hadi goti likamuuma, akaacha, akalishika goti, akaendelea.

"Wamejua!" akasema. "Wamejua banunuzi ya Gisenyi wanachagua kwa kubeba! Miaka yote hii tunapima ku mizani ya kwao, banaona. Bahati yao hawakuweka mawe ya volkano ya kwao, ile iko na matobo, haina uzito. Wamenunua saruji! Wamekuheshimu, mwana."

"Papa, Jumapili ni keshokutwa."

Akaacha kucheka. "Ee. Yule mukecuru, maman ya Madame." Akajifuta macho. "Bon. Kesho unarudi. Lakini mizani, usiiombe tena. Haiko na kazi."

"Nitapima kwa nini?"

"We unatafuta nini ndani ya hii mashine?"

"Sauti ya bibi harusi."

"Basi, pima ile."

Jumamosi nilivuka na Kilo. Yeye alibeba amplifaya kichwani na saruji begani, mbalimbali. Mizigo miwili, nauli mbili, sikubishana. "Leo nabeba uongo na ukweli," aliwaambia wabebaji wenzake, "na vyote ni vya mama huyu."

Dukani kwa Papa Dieudo walikuwamo wateja watatu. Nikashukuru. Nikaliweka bonge juu ya meza ya kioo, taratibu.

"Habari ya asubuhi, Papa Dieudo. Naomba bei ya saruji."

"Saruji? Madame, hapa hatuuzishake saruji."

"Mnauza. Hii niliinunua hapa jana. Nataka nyingine, najenga."

Wateja wakageuka. Papa Dieudo akatabasamu kwa meno ya mbele peke yake. "Ingia ndani, maman, tuongee polepole."

"Hapa hapa nasikia vizuri."

"Ile ni ya kushikilia," akasema akijifuta shingo. "Ni teknik. Isitingishike wakati ya muziki."

"Eh!" akadakia mteja mmoja, mama mnene mwenye kanga mpya. "Na ile nilinunua Pasaka, nayo imeshikiliwa?"

Hapo bei zote za dunia zikashuka. Papa Dieudo aliniambia nichague ninachotaka, nifungue ninachotaka, na karatasi zote za dhamana alizing'oa kwa kucha zake mwenyewe. Nikamwambia aweke deki ya video na televisheni, nikatoa kanda ya Madame Vestine. Kisha nikamwomba Kilo atoke nje, avuke barabara, asimame mahali pikipiki zinapopita, na atupe mgongo.

"Utakachosikia, kiseme kwa sauti."

Nilikuwa nimefikiri hivi usiku kucha: nikimweka mtu mwenye masikio mazima katikati ya kelele za Goma, naye akasikia, basi bibi mmoja kwenye kiti cha sofa atasikia.

Amplifaya ya kwanza, ya taa. "Nasikia muziki!" Kilo akapaza sauti. Ya pili, mpya, ndani ya boksi. "Nasikia mutu ana kikohozi!" Ya tatu ilikuwa ya okazioni, imekwaruzwa, haina taa hata moja isipokuwa kidoti chekundu. Tulipoifungua, transfoma yake ilikuwa kama mkate mzima. Niliiunganisha na spika ya katikati ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, rangi imebabuka, ya okazioni vilevile. Papa Dieudo mwenyewe aliniambia, "Ile? Ile iko mubaya sura."

Bibi harusi akafungua mdomo kwenye kanda. Nje, katikati ya honi, Kilo akaanza kurudia kwa utulivu, neno kwa neno, mgongo umetugeukia: "Anashukuru bazazi... Anashukuru bageni ya mbali... Anasema sasa anataka kuongea na nyogokuru wake..."

Nikazima. Yale yaliyofuata hayakuwa yangu wala ya Kilo. Nilitaka sikio la kwanza liwe la mwenyewe. Uamuzi mzuri, na kama mtakavyoona, uamuzi wa kijinga: msifanye kama mimi, sikilizeni kanda ya mteja hadi mwisho kabla hamjaiwasha mbele ya familia.

Nikahesabu skrubu zikirudishwa: nane. Tena: nane. Saruji Papa Dieudo hakuiomba, nami sikumwachia.

Jumapili baada ya misa sebule ilijaa. Nyogokuru mwenyewe, yaani bibi yake Peninah, Mukecuru Daforoza, alikuwa ameletwa kutoka shambani kwake Kanama na kikapu cha maharage mapya kwa ajili ya wageni. Alikuwa mdogo, mnyoofu, na aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Madame Vestine alipoiona amplifaya iliyokwaruzwa, alininong'oneza, "Hii ndiyo niliyolipia?" Na baada ya kuiwasha, "Na hizi za nyuma mbona kimya?"

"Zinangoja mabomu, Madame."

Papa Rama alikuja na goti lake. Alikishika kiti cha mukecuru, akakisogeza mbele hatua tatu, akakigeuza kidogo ili sikio lake la kushoto, lililokuwa bado kazini, lielekee ile spika ya katikati. Kisha akanipa ishara.

Peninah akatokea kwa gauni lake. Akashukuru wazazi. Akashukuru wageni. Mukecuru alikuwa ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya sikio. Peninah alisema kwa Kinyarwanda, nami nawaandikia kwa Kiswahili:

"Sasa naongea na nyogokuru wangu. Wameniambia barabara imekatika. Nyogokuru, wewe ndiye uliyenifundisha kuongea, na ulinifundisha kwa sauti kubwa. Leo naongea kama ulivyonifundisha. Unanisikia?"

Mukecuru Daforoza alisimama. "Nakusikia!" akaita, hadi vikombe vikalia. "Yewe mwana wanjye, nakusikia!"

Watu walilia, watu walicheka, shemeji mmoja akaanza kupiga makofi kama yuko uwanjani. Papa Rama aliitazama dari kwa muda mrefu kuliko dari ile ilivyostahili. Mimi nilihesabu spika. Tano. Tena, tano.

Tungezima hapo, ningekuwa na hadithi fupi. Lakini kanda iliendelea; kamera ikashuka kwenye meza za chakula, ikapita nyuma ya Madame Vestine na dada yake, waliokuwa wamekaa wakila. Na ile spika mbaya ya sura, ambayo haikujua kubagua maneno, ikatuletea sauti ya Madame Vestine, safi kama maji ya mtungi:

"Afadhali tulimwambia Mama barabara imekatika. Angeuliza kila neno mara tatu, mpaka padri angeacha misa."

Nilitafuta rimoti; ilikuwa mfukoni mwangu, sikuiona.

"Rudisha," akasema mukecuru.

Nikarudisha. Ikasema tena.

"Rudisha."

Mara ya tatu aliisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akageuka polepole.

"Vestine."

"Mama."

"Barabara ya Kampala. Imeshatengenezwa?"

Madame Vestine, mwanamke aliyekuwa akiwatetemesha maafisa wa forodha, aliangalia viatu vyake. "Imeshatengenezwa, Mama."

"Vizuri. Basi Peninah atakapojifungua, nakwenda. Nitakaa mbele. Na nitauliza mara nne."

Aliyecheka kwanza alikuwa yeye mwenyewe, halafu dada mtu, halafu sebule nzima, na mwishowe Madame Vestine alipiga magoti mbele ya kiti akamkumbatia mama yake miguuni, akicheka na kuomba msamaha kwa pamoja, jambo ambalo ni gumu kwa pumzi moja. Mukecuru alimpapasa kichwa kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili aliionyesha ile spika ndogo.

"Hiyo ya katikati," akaniambia, "usiiuzie nyumba yenye siri."

Tuliondoka jua likiwa bado juu, Papa Rama akichechemea na mfuko wa nyaya, mimi na bisibisi. Nyuma yetu, dirishani, walikuwa wakirudisha kanda. Bibi harusi aliuliza kama anasikika, na mukecuru akamjibu. Wakarudisha. Akauliza, akajibiwa.

"Bamerudisha mara ine," akasema Papa Rama tulipofika langoni.

Mimi nilihesabu tano. Nikasimama pale nikasubiri, wakarudisha tena, nikahesabu upya tangu mwanzo. Papa Rama alikuwa amekosa moja.